Kabla ya Zege Kumwagwa

Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi katika vyuo vikuu vya Tanzania hukaa darasani miaka minne. Katikati ya miaka hiyo, mitihani ya muhula wa pili ikishakwisha, hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo sote tunayaita fildi. Kwenye karatasi fildi ni somo sawa na masomo mengine: lina alama, lina msimamizi, lina ripoti, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huitengea fedha yake. Lakini kwa wengi wetu ni somo linaloanza kwa kubisha hodi. Unazunguka na barua ya chuo ndani ya bahasha ya kaki, ofisi hadi ofisi, unaambiwa "acha namba, tutakupigia", na simu hailii. Asiye na mjomba halmashauri wala shangazi kwa mkandarasi huishia kuchukua nafasi yoyote iliyopo, hata ikiwa ni ya kupanga mafaili.

Mimi nilipata nafasi Dodoma, mwaka 2019. Wakati huo Dodoma ilikuwa ikijengwa kila upande. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko moja kwa moja, mji ukapewa hadhi ya jiji Aprili 2018, na mwaka uliofuata wizara zikaanza kufanyia kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Nyuma ya serikali walifuata wenye viwanja, wenye maduka, wenye hosteli na nyumba za kupangisha. Mkandarasi aliyenipokea alikuwa anajenga ghorofa tatu, maduka chini na ofisi juu. Halikuwa jengo la kupigwa picha na wapita njia. Lakini karibu kila nilichokuwa nimekisoma kilikuwemo ndani yake, pamoja na mengi ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha.

Wadogo zangu chuoni huniuliza fildi inafundisha nini ambacho kitabu hakifundishi. Jibu langu ni moja: inafundisha wakati wa kusema. Darasani swali lililokosewa hufutwa, likaanzwa upya. Saiti, zege likishamwagwa, yote yaliyofanyika chini yake yamefungiwa humo. Nondo zilizopungua, mbao zilizolegea, uchafu uliosahaulika ndani ya nguzo, hakuna jicho litakaloviona tena mpaka jengo libomolewe au lianguke. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mhandisi hufanyika kabla ya hapo, na huyo mhandisi asipozungumza kabla ya hapo, kuzungumza kwake baadaye ni kutoa ushahidi.

Stoo

Fomeni hakunipandisha juu ya jengo. Alinipeleka stoo, niandike mifuko ya saruji inayoingia na inayotoka, nondo, misumari, waya wa kufungia na dizeli ya mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia zege. Mtunza stoo alikuwa mama wa makamo, na saiti nzima ilimwita Mama Stoo. Alinieleza taratibu zake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzieleza kwa wanachuo wengi kabla yangu. Mifuko ipangwe juu ya mbao isiguse sakafu. Isiegemee ukuta. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Na saruji ya daraja la 42.5 isiwekwe rundo moja na ya 32.5, kwa kuwa ya kwanza ni ya nguzo, boriti na slabu, na ya pili ni ya kujengea matofali na kupiga lipu. Kwa nje mifuko inakaribia kufanana, na kibarua anayebeba mfuko wa kilo 50 mgongoni hana nafasi ya kusoma tarakimu.

Wenzangu niliowasimulia kwa simu walinionea huruma. Mmoja alikuwa tayari kwenye mradi mkubwa wa barabara, amevaa fulana ya kung'aa, anatuma picha za magreda. Mimi nahesabu misumari. Ila baada ya muda niligundua kwamba stoo ni mahali pazuri pa kulitazamia jengo zima, ukijua kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Zege la uwiano wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hula takriban mifuko sita na robo kwa kila mita moja ya ujazo. Slabu yenye unene wa milimita 150 na eneo la mita za mraba 80 ni mita za ujazo 12. Kwa hiyo stoo itoe mifuko ipatayo 75. Ikitoka 60, hakuna haja ya kupanda ngazi kuuliza: ama slabu imekuwa nyembamba, ama uwiano umebadilika njiani. Ikitoka 95, kuna mifuko iliyopata njia ya uani.

Jioni moja daftari lilitoa taarifa ya aina hiyo. Mifuko iliyotoka ilikuwa pungufu kuliko hesabu ya mchoro, na pungufu si kidogo. Hakukuwa na mwizi wala njama. Asubuhi vibarua walikuwa wakipima mchanga na kokoto kwa boksi la mbao la lita 35, ambao ndio ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Saa sita boksi likapasuka. Hawakutaka mikisa isimame, wakaendelea kwa toroli. Toroli moja hujaa mpaka ukingoni, jingine hurundikwa, la tatu husukumwa na mtu aliyechoka. Kila mkorogo ukawa na mchanga mwingi kuliko uliotangulia.

Mhandisi wa saiti, dada ambaye kila mtu alimwita Injinia bila kuongeza jina, alisimamisha kazi. Zege lile lilikuwa la sakafu ya chini inayolala juu ya kifusi, si slabu ya juu, hivyo hatari ilikuwa ndogo. Hata hivyo aliliandika kwenye kitabu cha saiti, akamjulisha mshauri wa mradi, na akaagiza yatengenezwe maboksi mawili badala ya moja. Hakumfokea mtu. Nilipomuuliza kwa nini hakutafuta aliyeanza kutumia toroli, alisema, "Nikimfukuza huyo, kesho boksi litapasuka tena na mwingine atachukua toroli. Nikiwa na boksi la akiba, nimemaliza."

Mzee wa nondo

Nilipotoka stoo nilikabidhiwa kwa fundi wa nondo, mzee wa Kondoa, mwenye vidole vigumu na miwani iliyofungwa kwa waya uleule wa kufungia nondo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Aliniita Mwanachuo mpaka siku naondoka.

Siku ya kuunga kibaraza cha ghorofa ya kwanza, kile kinachotokeza nje bila nguzo chini yake, aliniuliza: "Mwanachuo, hapa nondo kubwa inakaa juu au chini?"

"Juu, mzee."

"Kwa sababu gani?"

Nikamweleza kwamba mzigo unavuta ncha ya kibaraza kwenda chini, hivyo upande wa juu unanyooshwa, na zege lenyewe halina nguvu ya kuvutwa. Nondo ndiyo inayobeba mvuto huo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Umesoma vizuri. Sasa niambie, nani ataizuia isishuke watu wakipita juu yake na ndoo za zege kutwa nzima?"

Swali hilo sikuwa nimewahi kulikuta kwenye mtihani. Jioni nilikaa na kalamu nikalipigia hesabu. Slabu ya milimita 150, nondo ya milimita 12 iliyofunikwa na milimita 25 za zege juu yake: kutoka katikati ya nondo hadi uso wa chini ni takriban milimita 119. Miguu ya vibarua ikiishusha nondo hiyo milimita 40 tu, zinabaki 79. Uwezo wa kibaraza kubeba mzigo hufuata kina hicho, kwa hiyo theluthi moja ya nguvu imekwenda. Nondo hazikupungua hata moja. Mchoro ulikuwa sahihi, saruji ilikuwa sahihi, risiti zote zilikuwa sahihi, na bado kibaraza kingekuwa dhaifu.

Mzee alikuwa na majibu mawili. La kwanza, alikunja vipande vya nondo vikawa vitegemeo, akavipanga kwa ukaribu chini ya nondo za juu. La pili, alitandika mbao za kupitia zilizokaa juu ya magogo, ili mtu yeyote asikanyage chuma. Siku ya kumwaga alikuwepo tangu alfajiri, ingawa kazi yake kwenye ratiba ilikuwa imekwisha. Alitembea nyuma ya wamwagaji akiwa na kulabu, na popote alipoona nondo imezama aliivuta juu.

Yeye pia ndiye aliyenionyesha thamani ya biskuti, vile vipande vidogo vya saruji na mchanga vinavyowekwa kati ya nondo na mbao ili zege lipate nafasi ya kuifunika nondo pande zote. Alizitengeneza mapema na kuzimwagilia maji, zisije zikapondeka chini ya uzito. Aliyewahi kutembea mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ameona vibaraza vilivyobanduka chini, nondo zimetoka nje, zina kutu. Chuma kikipata kutu huvimba, na kikivimba hulipasua zege lililokifunika. Pwani chumvi ya bahari huharakisha kazi hiyo. Mara nyingi ugonjwa wenyewe huanzia kwenye biskuti ambayo mtu hakuiweka.

Mzee hakujua kila kitu, na hakujifanya anajua. Alijua kwamba nondo mbili zikiunganishwa zipishane kwa urefu wa mara hamsini ya unene wake, yaani sentimita 60 kwa nondo ya milimita 12. Lakini hakuwahi kuelezwa kwa nini michoro inakataza viungo vyote kukaa mstari mmoja. Nilimchorea kwenye ubao kwa chaki: pale viungo vyote vinapokutana ndipo ufa ungependa kupita, na vikitawanywa, kila kiungo kina nondo nzima jirani yake ya kukisaidia. Akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe." Tangu siku hiyo, kila tulipopumzika, alinitolea ramani na kuniuliza maana ya alama fulani, nami nikamuuliza mambo ya mikono.

Mficha uchi hazai. Nimekutana na wahandisi vijana ambao hawawezi kumuuliza fundi swali kwa kuhofia kudharauliwa, na mafundi ambao hawawezi kumuuliza mhandisi kwa sababu hiyohiyo. Kati yao jengo linapanda likiwa na maswali mawili ambayo hayakuulizwa.

Maji

Kitabu kinasema kwamba nguvu ya zege inategemea zaidi uwiano wa maji na saruji. Kwa uwiano wa 0.5, mfuko wa kilo 50 unataka lita 25 za maji, na hapo lazima uondoe yale ambayo mchanga wenyewe umekuja nayo. Ukizidisha, zege linateleza vizuri na kumwagika kwa urahisi, lakini maji ya ziada hayana kazi: yakikauka yanaacha vitundu, na vitundu havibebi jengo.

Kipimo cha kulinda jambo hili ni rahisi. Koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 hujazwa zege kwa tabaka tatu, kila tabaka hushindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha koni huinuliwa taratibu na kupimwa zege limeshuka kiasi gani. Injinia alinikabidhi koni hiyo siku ya slabu kubwa na kunipa mipaka: likishuka chini ya milimita 50 ni gumu mno, likizidi 100 lirudishwe.

Asubuhi vipimo vilikaa vizuri. Kuanzia saa tano vikaanza kupanda. Saa saba nikapima zege lililomwagika chini kabisa. Nililikataa, na nikapata maneno makali kutoka kwa watu walioniona mtoto wa shule anayewachelewesha. Nilidhani nimekutana na uzembe. Injinia alipokuja, badala ya kwenda kwenye mikisa alikwenda kusimama kwenye mstari wa wapandishaji. Zege lilikuwa likipandishwa kwa ndoo, mkono kwa mkono, kwenye ngazi ya mirunda. Jua lilikuwa kali, upepo mkavu, na mashine ya kutikisia zege, ambayo mafundi huiita vibreta, ilikuwa imezima tangu saa nne. Bila vibreta zege gumu halikubali kuingia kati ya nondo. Mtu hulisukuma kwa fimbo mpaka mabega yanawaka moto. Kuongeza maji ilikuwa njia pekee ya mwili wa kibarua kumaliza siku.

Alitoa maagizo matatu. Vibreta ya kukodi ije kabla kazi haijaendelea. Ndoo zijazwe nusu. Wapandishaji wapokezane na wachanganyaji kila baada ya muda mfupi. Kisha akasema kwamba maji yatapimwa kwa chombo kimoja na mtu mmoja. Zege lililobaki lilipita kwenye koni bila ugomvi.

Huo ndio ufundi ambao mtaala wetu hauna mahali pa kuuweka. Tunafundishwa kwamba zege baya linatokana na ujinga au wizi. Vyote viwili vipo. Lakini mara nyingi linatokana na uchovu, na uchovu una sababu zinazopimika: urefu wa ngazi, uzito wa ndoo, mashine iliyoharibika, malipo ya siku yanayomlazimu mtu kuja kazini akiwa mgonjwa. Mhandisi asiyeziangalia hizo atashinda akirudisha mikorogo na kugombana na watu, na jioni mkorogo mmoja utampita.

Upepo wa Dodoma

Kwa mujibu wa vitabu, zege halikauki, linakomaa. Saruji huungana na maji siku nyingi baada ya kumwagwa, na maji yakikimbia mapema, muungano huo unakatika. Dar es Salaam, kwenye unyevu wa bahari, mtu anaweza kuzembea kidogo na hali ya hewa ikamsitiri. Dodoma haimsitiri mtu. Kipindi cha fildi, Julai hadi Septemba, ni kiangazi tupu. Hakuna tone la mvua, hewa ni kavu, na upepo unapiga mchana kutwa na vumbi lake. Slabu iliyomwagwa asubuhi inaweza kuwa na nyufa nyembamba usoni kabla jua halijazama.

Dawa inajulikana: magunia yaliyoloweshwa, au vituta vya mchanga pembezoni mwa slabu ili maji yatuame juu yake, kwa siku zisizopungua saba. Tatizo ni kwamba maji Dodoma ni fedha. Jiji kwa miaka mingi limetegemea visima vya Mzakwe, na saiti iliyo mbali na bomba hununua maji ya boza. Katikati ya wiki ya pili msimamizi wa mkandarasi aliona bili ya maboza na akauliza kwa nini tunamwagilia kitu ambacho kimeshakuwa kigumu. Hoja yake ilikuwa na karatasi nyuma yake: michemraba ya majaribio ya siku saba ilikuwa imetoka maabara na majibu mazuri.

Michemraba hiyo ni vipande vya zege vya milimita 150 kila upande, vinavyotengenezwa siku ya kumwaga na kupondwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Zege la daraja la 25 likifika siku 28, mchemraba mmoja huhitaji mzigo wa takriban tani 57 ndipo upasuke. Ni kipimo cha kuaminika. Lakini michemraba ilikuwa imelala kwenye tangi la maji la maabara, kivulini. Slabu ilikuwa juani, upepo unaifyonza. Majibu yale yalieleza zege lililotoka kwenye mikisa lilikuwa zuri kiasi gani. Hayakueleza limetunzwaje juu ya jengo. Injinia aliandika maneno hayo kwenye kitabu cha saiti na kuyasaini. Maboza yaliendelea kuja.

Subira hiyo yenye gharama niliiona tena kwenye mirunda. Slabu ile ya mita za mraba 80, ikiwa mbichi, ina uzito wa takriban tani 29, na uzito wote huo unasimama juu ya miti. Kila mrunda ulikaa juu ya kipande cha ubao ili usizame ardhini, na hakuna uliotolewa bila maandishi ya Injinia, ingawa mbao zilikuwa zinahitajika ghorofa ya juu na kila siku ya kusubiri ilikuwa gharama.

Kofia za wageni

Lipo jambo moja ambalo sikulipenda, nalo nililiona karibu kila saiti niliyofika baadaye. Kofia ngumu zilikuwepo, safi, zimetundikwa ofisini. Zilikuwa za wageni. Mshauri akija anavaa, mwenye jengo akija anavaa, mhadhiri wangu alipokuja alivaa. Saidia fundi aliyesimama siku nzima chini ya watu wanaopandisha ndoo alikuwa kichwa wazi na kandambili miguuni. Wapo waliochomwa misumari ya mbao zilizobomolewa na kutupwa chini, wakafunga kitambaa na kuendelea, kwa kuwa asiyefanya kazi leo halipwi leo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na atoe bure. Wakala wa OSHA hukagua. Lakini ukaguzi una siku yake, na msumari hauna siku. Nilimsikia fomeni akisema vibarua wenyewe hawapendi kofia kwa sababu ya joto. Ni kweli wapo wasiozipenda. Hata hivyo hakuna aliyewahi kuwapa wakazikataa.

Logibuku

Kila jioni niliandika logibuku: leo tumefanya hiki, kesho kile, mchoro mmoja kwa wiki, sahihi na muhuri. Msimamizi wa chuo alipokuja alipekua kurasa kuona kama mihuri imetimia, akaniuliza kama kuna changamoto, akaelekea saiti nyingine. Simlaumu. Alikuwa na wanafunzi wengi waliotawanyika mikoa kadhaa na gari moja. Ila kipimo cha namna hiyo kinamfundisha mwanafunzi kwamba fildi ni kuhudhuria.

Faida niliipata kwenye daftari la pembeni, ambalo halikuwa na muhuri. Humo niliandika maswali tu, kila moja na jina la mtu wa kuulizwa: hili la Mama Stoo, hili la mzee, hili la Injinia, hili la vitabu nikirudi chuo. Hesabu ya mifuko na hesabu ya nondo iliyozama zilianzia humo. Vyuo vikitaka kujua mwanafunzi amejifunza nini, vimuulize amerudi na maswali gani, na vitenge muda wa kuyajibu darasani muhula unaofuata.

Deni

Mchana tulikula wali na maharage kwa mama lishe nje ya uzio, na mafundi walipenda kusimulia majengo waliyowahi kujenga. Mara kwa mara mazungumzo yaliishia kwenye jengo la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, ghorofa 16, lililoanguka likiwa bado linajengwa tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36. Hakuna aliyesimulia kwa furaha. Kila mmoja alimjua mtu aliyemjua mtu aliyekuwepo. Miaka mitano baada ya fildi yangu, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lingine likaanguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Nilikuwa nimekwisha kuhitimu. Nilitazama waokoaji wakichimba vifusi na nikawaza swali la mzee kuhusu watu na ndoo zao.

Nchi hii haina upungufu wa vyombo vya kusimamia ujenzi. Ipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ipo ya Makandarasi, ipo ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mhitimu hawi mhandisi mtaalamu siku ya mahafali. Anahitaji miaka isiyopungua mitatu ya kufanya kazi chini ya uangalizi, na tangu 2003 Bodi ya Wahandisi ina mpango maalumu wa kuwapitisha wahitimu katika mafunzo hayo. Ni utaratibu mzuri. Lakini hakuna bodi inayoweza kuwepo juu ya kila slabu siku inapomwagwa. Anayekuwepo ni fomeni, fundi, mhandisi wa saiti, na pengine mwanafunzi mwenye koni ya chuma.

Kwa hiyo, makandarasi, pokeeni wanafunzi, na msiwaweke ofisini wakatoa fotokopi. Mwanafunzi anayeandika mifuko na kupima zege ni jicho la ziada mnalolipata kwa nauli na sahani ya wali. Wahadhiri, njooni saiti siku ya kumwaga zege, si siku ya kugonga mihuri.

Na wewe unayekwenda fildi mwaka huu, usilie ukipelekwa stoo. Waamkie wazee. Tembea na futi mfukoni, na upime nondo, biskuti na mbao kabla mikisa haijawashwa. Ukiona jambo halijakaa sawa, mwambie mhandisi wako hapohapo, kwa adabu na kwa tarakimu, hata kama watu wamekwisha kujipanga na ndoo. Watakukasirikia kwa saa moja. Jengo litakaliwa na watu kwa miaka hamsini.